Watalii wanapita tu Kigoma, hela wanaacha kwa sokwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme kitu kuhusu utalii wa hapa kwetu. Mtalii anashuka Kigoma, anapandishwa boti kwenda Gombe au Mahale kuangalia sokwe, akirudi labda anapitishwa Ujiji aone pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, picha mbili tatu, kaondoka. Sasa sisi wenyewe tunaoishi hapa tuko wapi kwenye hiyo safari?

Hili limenikaa kichwani tangu nilipoenda Hawaii na mama, mke wangu na watoto (nauli alilipa shemeji anayeishi Marekani, nisije nikadanganya watu). Alitupeleka sehemu inaitwa Polynesian Cultural Center, iko Laie kwenye kisiwa cha Oahu. Ni kama vijiji sita vya watu wa Pasifiki vimewekwa pamoja, Samoa, Tonga, Fiji, Tahiti, Hawaii yenyewe na Wamaori wa New Zealand, katikati kuna maji unazungushwa kwa mtumbwi. Tiketi ni ghali, hilo niseme ukweli, na vichekesho vingine vinaonekana kabisa vimekaririwa. Lakini watu wamejaa.

Pale kijiji cha Samoa kijana anafua nazi kwenye kijiti, anaipasua kwa jiwe, anaikuna anakamua tui kwa makumbi, halafu anapekecha moto kwa vijiti viwili, wazungu wanapiga makofi mpaka basi. Mama akanigeuzia uso akaniuliza, "Kwani na hii nayo inalipiwa?" Nikamwambia mama hii ndo tiketi yenyewe! Watoto nao wakaingizwa kupiga ngoma kwa Watonga, kutoka pale ikawa kazi.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba wale vijana ni wanafunzi wa chuo kilicho jirani hapo hapo, cha kanisa la Wamormoni ambalo ndo lenye hiyo sehemu, wanafanya kazi wakati wanasoma na malipo yanawasaidia kwenye ada. Na chanzo chake sio hela za wafadhili wakubwa. Kanisa lao la Laie liliungua mwaka 1940, kwaiyo mwaka 1948 waumini wakaanza kuvuta wavu ufukweni, wanapika, wanacheza, wageni wanalipa waje wale na kuangalia, ili wapate hela za kujenga. Waliiita hukilau. Vijiji hivi vikaja kufunguliwa Oktoba 1963. Yani wavu, Mhariri! Sisi wa Kibirizi na Katonga wavu tunao kila siku.

Najua wapo watakaosema utalii unaleta ulevi na mambo ya ajabu. Kule pombe haiuzwi kabisa na Jumapili wanafunga. Usiku kuna karamu ya nguruwe aliyeokwa chini ya ardhi, sisi hatukumgusa, tulikula kuku na samaki na hakuna aliyetushangaa.

Hapa kwetu mgeni hajawahi kuonyeshwa mama anavyochemsha chikichi na kukamua mawese mpaka mikono inakuwa myekundu, wala akapewa naye ajaribu. Hajaonyeshwa dagaa wanavyoanikwa mchangani, hajatolewa jioni na wavuvi aone taa zinavyowashwa ziwani, hajafundishwa hata hatua moja ya ngoma ya Waha, wala hajasikia asimuliwe na mzee wa Ujiji njia ya misafara ilivyokuwa mpaka Tabora na Bagamoyo. Anasoma maandishi ukutani basi. Na mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa watu wasivue miezi mitatu kuanzia Mei 15, wavuvi kibao walikaa vijiweni, wakati wangeweza kulipwa kuonyesha kazi yao nchi kavu, kushona nyavu na kuchonga mitumbwi.

Sisemi tujenge kitu cha mabilioni. Ianze Jumamosi moja kwa mwezi, uwanja mmoja Ujiji, kina mama wa mawese, wavuvi, vikundi vya ngoma na wanafunzi wa vyuo vya hapa mjini wawe ndo wanaoongoza wageni na walipwe, kiingilio cha mwenyeji kiwe kidogo sana. Ila hela isiishie kwa watu wa vikao. Naomba gazeti lako liwaulize wahusika wa utalii Manispaa ya Kigoma Ujiji wana mpango gani, na uwanja watatupa wapi.

Msomaji wenu,
Ujiji, Kigoma