Mbege haifungwi kizibo, mwanangu

Marahaba mama. Ile picha uliyonitumia ya siti ya gari iliyolowa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, nimeiona, mama yako kacheka mpaka akakaa chini, mimi nikajikaza kidogo kwa heshima ya mkwe wangu.

Ila mwambie asijilaumu, kosa ni langu. Siku ile tunaaga kwa shangazi yako Marangu nilimwona mumeo anajaza mbege kwenye chupa za maji za lita moja na nusu, anakaza vizibo kwa nguvu zake zote, nikataka kusema nikanyamaza, mtu kafurahi vile unamkatizaje. Sasa mmefika Korogwe na lile jua, puu! watoto wakaogeshwa ulezi. Mbege iko hai mama, inaumuka muda wote na gesi lazima itafute pa kutokea, ndo maana shangazi yako ndoo anaifunika tu juu juu. Leo tamu, kesho kali, ukichelewa unakunywa siki.

Na nyie mlikuta kazi imeisha, mkapewa kata, kile kibuyu cha kunywea, mkanywa. Hamkuona ndizi mbivu zinavyochemshwa mpaka zinageuka rangi nyekundu, zikipoa zinakaa kwenye pipa siku kadhaa, zinachujwa, ndo unachanganya na uji wa ulezi uliooteshwa ukakaushwa ukasagwa. Halafu msesewe, yale maganda ya mti ya kutia uchungu. Hapo ndo pa kumjua mpishi, kidogo inakuwa kama uji wa watoto, ukizidisha hainyweki. Shangazi yako hapimi kwa kijiko, anaonja anakunja uso, anaongeza kidogo, anaonja tena. Kuna mwaka nilimuuliza kiasi gani akaniambia "mpaka ulimi ukatae kidogo", basi andika hiyo kama unaweza.

Mkitaka kitu cha kubeba mpaka Dar, piteni Arusha, Banana Investments wanatengeneza waini ya ndizi, imefungwa kwenye chupa vizuri tu. Sio mbege lakini, wasiwadanganye.

Hiyo mnayopanga Desemba ya kuzungukia Dodoma kuonja waini sikatai, siku hizi Arusha mpaka Dodoma kupitia Babati na Kondoa ni lami tupu. Zabibu kule wanavuna mara mbili kwa mwaka ila Desemba sio msimu, kwa hiyo mtaonja bila kuona watu wanavuna, mkitaka mavuno njooni Agosti au Septemba. Dompo, waini ya huko Dodoma, dereva asiguse, ni tamu kama soda ile, unakuja kushtuka miguu haipo.

Shangazi yako anauliza mnakuja tarehe ngapi, anataka akate ndizi mapema azivundike, safari hii watoto wakoroge wenyewe. Na kata yake mliyoondoka nayo anaidai, kanipigia mara mbili wiki hii.

Baba yako, Moshi