Barua ya wazi kwa vijana wetu wanaoanza kusoma ikolojia na mageuko ya viumbe

Kwa wanangu na wajukuu zangu mnaoanza shahada ya kwanza Makerere, Mbarara, Gulu na kwingineko nchini Uganda,

Nawasalimu nyote, pamoja na wazazi waliouza ng'ombe na kahawa ili mfike mlipo.

Najua kwamba wengi wenu hamkuitaka kozi hii. Kwenye fomu mliandika udaktari kwanza, ufamasia pili, na biolojia mkaiweka chini kabisa ili nafasi isibaki wazi. Majina yalipotoka mkajikuta huko chini. Siwalaumu, wala sitawaambia mfurahie kuukosa udaktari. Ninalotaka kuwaambia ni kwamba elimu mliyoangukia ndiyo inayoeleza kwa nini wagonjwa wa yule daktari wanaugua, na kwamba sehemu ya ushahidi wake mkubwa ilikusanywa hapa hapa kwetu. Kwa hiyo isomeni kama wenye mali.

Chukueni selimundu, ugonjwa unaojulikana katika koo nyingi za Uganda. Mtoto aliyerithi jeni yake kwa baba na kwa mama huugua, na zamani wengi walikufa kabla ya kupata watoto wao, hivyo mtu angetarajia jeni hiyo ipungue kizazi baada ya kizazi mpaka ipotee. Lakini watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 1949 walikuta kwamba miongoni mwa Baamba wa Bundibugyo karibu watu 45 katika kila 100 walikuwa wameibeba, ilhali katika nyanda za juu za kusini-magharibi, kwenye baridi na mbu wachache, waliokuwa nayo walikuwa wachache sana. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwa damu za watoto wa maeneo ya Kampala kwamba aliyebeba jeni moja tu hupata vimelea vya malaria kwa uchache kuliko mwenzake asiyekuwa nayo; ndiyo maana jeni hiyo haikupotea palipo na malaria. Mfano huo sasa unafundishwa katika vyuo vya dunia nzima. Tazameni ulivyojengwa: mbu na hali ya hewa ni ikolojia, kubaki au kupotea kwa jeni ni mageuko, na hakuna upande unaoweza kuelezwa bila mwenzake. Na jambo hilo halijakoma. Mwaka 2021 ilichapishwa taarifa kwamba vimelea vya malaria kaskazini mwa nchi yetu vimeanza kuhimili artemisinini, dawa ya malaria, kutokana na mabadiliko katika jeni mojawapo ya vimelea hivyo. Uteuzi asilia, yaani kubaki kwa wanaohimili mazingira yao na kuzaa zaidi, ni ule ule, ila safari hii anayeteua ni dawa.

Nitakaa zaidi kwenye samaki, kwa kuwa humo ndimo ninamoona somo lenu lote likiwa mahali pamoja. Ziwa Victoria lilikauka mwishoni mwa enzi ya barafu, likaanza kujaa tena karibu miaka 15,000 iliyopita. Katika muda huo, ambao kwa mwanajiolojia ni kufumba na kufumbua, nkejje, wale samaki wadogo ambao ndugu zetu wa Tanzania huwaita furu, wamegawanyika kuwa spishi zipatazo 500: wanaokwangua mwani maweni, wanaovunja konokono, wanaokula mayai ya wenzao. Uchunguzi wa jeni umeonyesha kwamba mababu zao walikuwa chotara wa nasaba mbili zilizokuwa zimetengana muda mrefu, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Nile. Kisha katika miaka ya 1950 akaletwa sangara, ambaye kwetu ni mputa, na ilipofika miaka ya 1980 akawa amelijaa ziwa na spishi nyingi za nkejje zikatoweka. Huo ndio upande wa hadithi ambao kila mtu anaujua. Usiojulikana sana ni kwamba maji yaliyochafuka kwa mbolea na maji taka nayo yalichangia: utafiti wa mwaka 1997 ulionyesha kwamba majike huchagua madume kwa rangi, na kwamba maji yakiwa machafu rangi hazionekani, spishi zilizokuwa zimetengana zikaanza kuchanganyika tena bila hata mmoja kuliwa.

Nendeni pia Nabugabo, karibu na Masaka. Ziwa hilo dogo lilitengwa na Ziwa Victoria kwa ukingo wa mchanga miaka elfu chache iliyopita, na lina spishi zake za nkejje ambazo ndani ya Victoria hazimo. Sangara aliwekwa humo nako miaka ya 1960, lakini baadhi ya samaki wenyeji walinusurika pembezoni, katika vinamasi ambavyo maji yake yana oksijeni kidogo mno kwa sangara. Samaki wadogo wanaoishi katika vinamasi kama hivyo wamekutwa na matamvua, yaani viungo vya kupumulia majini, makubwa kuliko wenzao wa spishi hiyo hiyo wanaoishi kwenye maji yenye hewa ya kutosha. Mwanafunzi mwenye haraka ataandika hapo, "wamebadilika ili waweze kuishi," na atakuwa amejibu nusu ya swali. Watafiti waliwagawa ndugu wa tumbo moja, wakawalea baadhi kwenye oksijeni nyingi na wengine kwenye oksijeni kidogo, wakaona kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo hutokea samaki anapokua na wala haikurithiwa. Kutenganisha kinachorithiwa na kinachotokana na malezi ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika fani hii, na mkiizoea tangu mwaka wa kwanza mtakuwa mmewapita wengi wenye shahada za juu.

Hapo ndipo hisabati inapoingia, na najua mnaichukia. Wengi mliiaga mkiwa kidato cha nne, na ile hisabati ya sabsidiari mliipita kwa kuibahatisha. Sasa haikwepeki, kwa sababu matamvua ya samaki 10 wa huku yakizidi ya samaki 10 wa kule, jicho lako haliwezi kukuambia kama tofauti hiyo ni ya kweli au ni bahati ya wavu. Jifunzeni takwimu mapema, na jifunzeni programu ya R, ambayo ni ya bure na hufanya kazi hata kwenye kompyuta kuukuu. Anayeshika takwimu vizuri atatafutwa na wenzake wote ifikapo mwaka wa tatu, na kwa maoni yangu atapata kazi kabla ya yule aliyekariri majina ya Kilatini.

Kuhusu dini nitasema kidogo. Mimi ni mtu wa swala tano, na sijaona sababu ya kumkimbia Darwin. Someni ushahidi kwanza, kisha pelekeni maswali yenu kwa mhadhiri na kwa shehe au padri, kila mmoja kwa fani yake. Na mkiulizwa nyumbani kama mnafundishwa kwamba babu yetu ni sokwe, jibuni kwa utulivu kwamba sokwe wa msitu wa Kibale ni binamu zetu, kwamba babu yetu sisi na wao aliishi mamilioni ya miaka iliyopita, na kwamba hakuwa sokwe wa leo wala mtu wa leo.

Kazi zipo, ingawa si nyingi, na atakayewaambia vinginevyo anawadanganya. Mamlaka ya Wanyamapori, taasisi ya utafiti wa uvuvi iliyoko Jinja, ile ya virusi iliyoko Entebbe, na kampuni zinazoandika tathmini za athari kwa mazingira, wote huhitaji mtu anayeweza kuhesabu viumbe kwa uaminifu na kuandika ripoti inayosomeka.

Mkienda kwa mafunzo ya vitendo kwenye vituo vya utafiti wa misitu vya Kanyawara au Budongo, mtakutana na wasaidizi wa utafiti, wenyeji wa vijiji vya jirani, wengine wasio na cheti chochote, wanaoutambua mti kwa gome na kwa harufu. Waamkieni kwanza, muwaulize, na majina yao yaandikwe kwenye ripoti zenu pamoja na kazi waliyofanya. Nimeona ripoti nyingi mno ambazo hawakutajwa.

Mwisho, msisubiri mwaka wa tatu ndipo mtafute mada ya mradi. Anayetaka kufanya utafiti ndani ya hifadhi ya taifa anahitaji kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori, na vibali huchukua muda, kwa hiyo aanze kukifuatilia akiwa mwaka wa pili. Asiye na nauli ya kufika hifadhini achague kinamasi cha jirani na kwao, amwombe mwenye ardhi ruhusa, na apime kila likizo mahali pale pale, kwa wavu ule ule na saa ile ile.

Mzee wenu,
Bombo