Tatizo letu ni kompyuta zilizozimwa apdeti, si picha za watu tusiowajua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala yenu ya hivi karibuni kuhusu usalama wa kompyuta, ile iliyotuasa tusifungue kabisa picha iliyotoka kwa mtu tusiyemfahamu. Mimi nina steshenari karibu na stendi ya Msamvu, hapa Morogoro. Nikiufuata ushauri huo, saa nne asubuhi nitakuwa nimeshafunga duka. Abiria kashuka kwenye basi anataka pasipoti saizi, picha iko kwenye flashi. Mwanafunzi anaomba mkopo, picha yake kaituma kwa barua pepe. Bibi harusi anataka kadi, mchoro uko kwa mdogo wake Mwanza, unakuja kwa WhatsApp. Siwajui hata mmoja, na hao ndio wanaonilisha.

Hata ukiacha biashara yangu pembeni, ushauri wenyewe una walakini. Februari 2001 kilizuka kirusi kilichojifanya picha ya mcheza tenisi Anna Kournikova. Walioumia hawakutumiwa na watu wa mbali. Mtu akikifungua, kilijituma chenyewe kwa kila aliyekuwemo kwenye orodha yake ya anwani za Outlook, ile programu ya barua pepe, kwa hiyo kilikufikia kutoka kwa shemeji, kwa bosi, kwa uliyesoma naye. Aliyekitengeneza alikuwa kijana wa Kiholanzi wa miaka 20, akaja kupewa adhabu ya saa 150 za kazi za kijamii. Faili lile liliitwa AnnaKournikova.jpg.vbs. Windows ilikuwa inaficha herufi za mwisho, watu wakaona jpg tu wakajua ni picha.

Cha ajabu, hadi leo Windows mpya inakuja ikiwa imeficha herufi hizo. Kwangu mashine haianzi kazi kabla sijafungua folda, nikaenda kwenye View na kutia tiki pale pa kuonyesha majina kamili ya mafaili. Kijana wangu wa kaunta anajua kwamba jina likiishia na exe, scr, vbs au bat, hiyo si picha hata kama ikoni yake inaonyesha mtoto anacheka. Ikoni anaiweka aliyetengeneza faili, na anaweka anayotaka. Kwenye flashi za wanafunzi tunaangalia pia kile kishale kidogo kwenye kona ya ikoni. Ukikiona kwenye kila folda, ujue virusi vya shotikati vimeshaingia: unachokiona ni njia ya mkato ya uongo, folda za kweli zimefichwa.

Wateja wa studio wao wanaleta picha zikiwa zimefungwa kwenye zip au rar. Hapo nina neno na wenzangu wa steshenari, maana karibu kila mashine mtaani ina WinRAR, programu ya kufungulia mafurushi hayo, iliyowekwa siku ilipouzwa na haijaguswa tena. Mwaka 2023 iligundulika kwamba watu walikuwa wakifunga pamoja picha na folda, vyote viwili vikiwa na jina lilelile. Ukibofya picha, WinRAR inaendesha kilichomo ndani ya folda. Waliolengwa ni wafanyabiashara wa hisa na sarafu za kidijiti, tangu Aprili mwaka huo, na tundu hilo, yaani kosa la programu linalompa mwizi njia, likazibwa Agosti kwenye toleo la 6.23. Lakini WinRAR haijisasishi yenyewe. Asiyekwenda kuipakua upya bado ana tundu lile.

Hizo zote ni picha za uongo, programu iliyovaa jina la picha. Makala yenu iliishia hapo, na hapo ndipo ninapotofautiana nayo zaidi, kwa sababu kuna picha ya kweli, ina jpg au webp yake halali, na bado inaweza kukuingilia. Kompyuta haioni picha. Inasoma namba, na programu inayozisoma hutenga nafasi kwenye kumbukumbu kwa kadiri inavyodhani zitaenea. Mwenye nia mbaya anazipanga namba zake zifurike, kama mtu aliyekuambia mtegee debe kisha akamwaga gunia. Kinachomwagikia nje ya debe ndicho kinachogeuka kuwa amri.

Septemba 2023 ndivyo ilivyokuwa kwa picha za WebP. Tundu lilikuwa kwenye kifurushi kimoja cha kusomea picha hizo, kinachoitwa libwebp, na kifurushi hicho kimo ndani ya Chrome, ndani ya Firefox na ndani ya programu nyingine nyingi ambazo wenye nazo hawajui kama kimo. Chrome ikazibwa tarehe 11, Firefox kesho yake. Programu nyingine kila moja ilibidi ingoje apdeti yake. Sasa niambie, ile programu ya kuhariri picha ya kraki, yaani iliyovunjwa leseni, ambayo ukiiruhusu tu kugusa intaneti inakufa, itapata apdeti kutoka wapi?

Wala usidhani kutobofya kunatosha. Mwishoni mwa Desemba 2005 lilitokea tundu la picha za WMF, aina ya zamani ya picha za Windows. Kufungua tu folda yenye vijipicha vya kuonjesha kuliweza kukuponza. Microsoft haikungoja siku yake ya kawaida ya mwezi, ilitoa kiraka, yaani apdeti ya kuziba tundu, tarehe 5 Januari 2006. Mwenye Windows iliyopokea kiraka hicho alilala salama, hata kama picha aliipata kwa mtu asiyemjua kabisa.

Ndiyo maana nasema adui yangu ni fundi, si mteja. Kompyuta nyingi za mtaani kwetu ni mitumba. Fundi anaweka Windows ya bure, na kabla hajakukabidhi anazima apdeti, tena anakueleza kwa fahari: "Mama, nimekuzimia, isije ikakumalizia bando." Kweli bando ni ghali, sikatai. Nami zangu nazisasisha usiku kwa kifurushi cha usiku, duka likiwa limefungwa. Lakini fundi hakwambii kwamba kuanzia siku hiyo kila tundu litakalogunduliwa duniani litabaki wazi kwako peke yako, hali wenzako wameziba. Juu ya hayo, Windows 10 ilifikia kikomo cha huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, ikaachiwa nyongeza ya mwaka mmoja kwa waliojiandikisha. Mashine nyingi tulizonazo ni za zamani mno kuipokea Windows 11. Hili gazeti likiliandika ukurasa mzima, mimi nitanunua nakala za kugawa.

Mimi nimetenga mashine moja ya kupokelea. Flashi na barua pepe za wateja zinaishia hapo. Haina nywila iliyohifadhiwa, haina WhatsApp yangu, haijawahi kufungua akaunti ya uwakala, na anayeitumia hana mamlaka ya kuweka programu. Sijui mwizi ataiba nini humo zaidi ya picha za pasipoti za watu, ambazo tunazifuta jioni. Kuna jambo moja bado linanikera. Mteja akituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, simu yake inaibana upya na kwenye karatasi inatoka na ukungu. Kwa hiyo sote tunamwambia, "tuma kama dokumenti." Ikija kama dokumenti inakuja ilivyo, na kama ndani yake kuna kitu, nacho kinakuja kilivyo. Ubora wa karatasi unashindana na usalama, na kusema kweli ubora ndio unaoshinda, kwa kuwa ndio unaolipiwa.

Nimalizie na wewe Mhariri. Mashambulizi ya gharama kubwa hayamtafuti mwenye steshenari. Mwaka 2021 Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto ilikuta kwenye simu ya mwanaharakati wa Saudi Arabia mafaili yenye jina la gif ambayo baadhi yake ndani yalikuwa PDF, yakaingia bila mwenye simu kugusa kitu. Watafiti hao walisema ni kazi ya NSO Group, kampuni ya Israeli inayouza programu za kijasusi. Novemba 2025 watafiti wengine walieleza picha za DNG, aina ya picha ghafi za kamera, zilizotengenezwa kuingilia simu za Samsung Galaxy, kupitia tundu ambalo Samsung ililiziba Aprili mwaka huo. Picha za namna hii hutumwa kwa watu wenye siri za watu wengine, na waandishi wa habari mmo.

Chini ya ukurasa wenu wa mikoani mmeandika, "Tutumie picha za matukio." Kwa hiyo nanyi mnapokea za msiowajua, pengine kuliko mimi. Kompyuta inayozipokea ina Windows gani, ilisasishwa lini, na aliyeiweka ni fundi wa wapi?

Wako mtiifu,
Mwenye steshenari,
Msamvu, Morogoro