Barua kwa Kaka Kuhusu Darasa la Historia

Columbus, Ohio
Februari 2026

Kaka yangu mpendwa,

Salamu kwako, kwa wifi na kwa Mama, ambaye natumaini kikohozi kimemwachia. Sisi hatujambo, ila baridi.

Shule ya huku atakayojiunga nayo binti yako mwezi wa Agosti, katika darasa la kumi, inataka kujua kama awekwe kwenye kozi ya AP ya Historia ya Dunia, nawe umeniuliza iwapo huo si mzigo mkubwa kwa mtoto mgeni. Kwa kuwa mwanangu aliipitia mwaka juzi, nakujibu kwa yale niliyoyashuhudia usiku kwenye meza yangu ya chakula.

Kozi za AP (Advanced Placement) ni masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari, na mtihani wa hii ya historia, unaoandaliwa na College Board, shirika la mitihani la Marekani, hufanywa mwezi wa Mei. Alama ni 1 hadi 5. Vyuo vingi humhesabia mwanafunzi aliyepata 3 au zaidi, lakini kila chuo kina masharti yake. Kozi inaanzia karibu mwaka 1200 na kufika siku zetu hizi, kwa hiyo kurasa za kusoma nyumbani haziishi.

Wingi wa kurasa haunitishi, maana mtoto huyu amekuwa hodari wa kukariri notisi tangu darasa la nne. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba hapa kukariri hakumfikishi mtu mbali. Katika mtihani huo wa saa 3 na dakika 15 mna maswali 55 ya kuchagua jibu, maswali mafupi 3, insha ndefu, na ile insha nyingine iliyomtoa mwanangu machozi: mtahiniwa hupewa hati 7, na kwa saa moja huzisoma, hujenga hoja yake mwenyewe, na hueleza aliyeandika ni nani, alimwandikia nani, na alikuwa na sababu gani ya kusema hivyo. Insha hiyo peke yake hubeba robo ya alama.

Nikupe mfano wa kwetu, kwani miji ya Waswahili nayo imo katika kozi, jambo lililonifurahisha kuliko nilivyotarajia. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji na ukarimu wa sultani wake. Mimi na wewe tungeandika jina, mwaka na mahali, tukapewa vema. Hapa mwalimu atauliza: ikiwa msafiri huyu alikuwa mwanazuoni, na sultani alikuwa mkarimu kwa watu wa dini, na simulizi yenyewe iliandikwa Moroko zaidi ya miaka 20 baadaye, tuisadiki kwa kiasi gani? Na mtumwa wa Kilwa angesimulia nini?

Kwa hiyo naona ajiunge. Tangu sasa mpe magazeti mawili yaliyoripoti jambo moja, aandike aya moja kueleza yanatofautiana wapi na kwa nini. Ajizoeze pia kuchapa, kwa kuwa mtihani sasa hufanywa kwenye kompyuta. Nimezungumza na mshauri wa shule: maji yakizidi unga, ataruhusiwa kuhamia darasa la kawaida katika wiki za mwanzo.

Nijibu kabla ya mwisho wa mwezi, na kwanza muulize mwenyewe, kwa maana fomu inahitaji sahihi yake pia.

Dada yako akupendaye