Hema halivuji, ni pumzi zenu

Engaresero, Ziwa Natron

Kaka,

Salamu toka huku jotoni. Ujumbe wako wa Barafu Camp, huko Kilimanjaro, nimeupata, nikacheka peke yangu. Eti hema linavuja na mvua hakuna! Halivuji, ni pumzi zenu. Mmejifungia watu wawili usiku kucha, mvuke unapanda, unakutana na kitambaa cha baridi, unageuka maji na kuwadondokea usoni. Najua huko ni juu ya mita 4,600 na hamtaki hata tundu la sindano, lakini fungua kile kidirisha cha juu, na mlango uachie upana wa kiganja. Nguo zilizolowa zisilale ndani.

Halafu umelalamikia blanketi. Baridi hasa inatoka chini, kaka. Msimu wangu wa kwanza mlimani nilijifunika mawili, chini nikatandika kirago kimoja. Nikaamka kiuno kimekufa ganzi, wagumu wenzangu, wapagazi, wakanicheka hadi tukashuka geti la Mweka. Tandika kwanza: sponji, viroba vitupu, hata begi lenyewe. Chupa ya maji ya moto ivishe soksi, iweke miguuni. Ila jiko lisiingie hemani, hata kama mkaa umebaki majivu. Ile hewa yake ya sumu haina harufu, unasinzia, basi.

Huku mambo ni kinyume. Saa nane mchana hemani hakukaliki. Mimi kwa kupenda mandhari nilisimika uwanjani, mlango ukitazama mlima wa volkano, Ol Doinyo Lengai, na siku mbili zilinitosha. Sasa nimehamia mashariki ya mgunga mkubwa, jua likianza kushuka kivuli kinaniangukia. Juu nimetanda turubai, lakini halilali kwenye hema: kati yake unapita mkono mzima, upepo unapenya. Likigusana na hema unakuwa umelivisha koti. Milango yote miwili nabakiza wavu tu, na upande wa upepo natundika kikoi kilicholowa. Hewa ya huku ni kavu, kwa hiyo inaingia imepoa. Kwenu Tanga usijaribu, utavuna ukungu.

Vigingi havishiki kwenye hili vumbi la volkano. Kamba nazifunga kwenye mawe, maana jioni upepo unakuja bila hodi.

Ukishuka, zile kamba zangu ulizoazima tangu Machame zitume na gari la Mto wa Mbu. Nazihitaji kweli.

Wako wa jotoni