Chavua ya mahindi na mizinga yetu

Ndugu Mhariri,

Tangu Serikali iliposimamisha majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa vinasaba huko Makutupora, Dodoma, Novemba 2018, mjadala kuhusu mahindi hayo umekuwa ukirudi hapa Sikonge kila msimu wa mbegu. Wazee wa kanisa hunisomea Walawi 19:19, panapokatazwa kupanda mbegu za aina mbili shambani. Jirani zangu Waislamu nao hutaja aya ya 119 ya Sura An-Nisaa, inayosema kwamba kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu ni amri ya Shetani. Naziheshimu hoja hizo, ingawa andiko la Walawi, likichukuliwa neno kwa neno, linakataa hata mahindi na maharage tunayochanganya shamba moja.

Ninachokihofia zaidi mimi, mfugaji wa nyuki, ni chavua, ule unga wa maua. Mahindi huchavushwa kwa upepo, na nyuki nao huifuata chavua hiyo. Asubuhi huwaona wakiingia mzingani na vidonge vya manjano vya chavua miguuni. Mwaka 2011 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba asali yenye chavua ya mahindi yaliyobadilishwa vinasaba ilihitaji kibali kabla ya kuuzwa. Naomba wataalamu, kabla majaribio hayajarudi, waje vijijini watueleze mashamba hayo yatakaa umbali gani na mizinga yetu.

Mfugaji wa nyuki,
Sikonge, Tabora