Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Umoja wa Wazazi: Barakoa, Hewa ya Madarasa na Rasimu ya Mwongozo wa Milipuko

Ndugu wanachama, wazazi na walezi wenzangu,

Kazi kubwa ya kamati mwaka huu ilikuwa kuandaa rasimu ya mwongozo wa tahadhari utakaotumika shuleni ukizuka tena ugonjwa unaoenea kwa hewa. Shughuli nyingine zimekwenda kama kawaida. Mhazini atasoma hesabu, na kumbukumbu za vikao ziko kwa katibu. Taarifa hii naielekeza kwenye rasimu hiyo, kwa kuwa ndiko tulikogawanyika.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba UVIKO-19 si tena dharura ya afya ya kimataifa. Virusi havikuondoka siku hiyo, wala mabishano ya wazazi. Kamati iliona heri tubishane sasa hali ikiwa shwari, kuliko kungoja siku ambayo tangazo linatoka jioni na watoto wanatakiwa darasani asubuhi yake.

Tunachobishania hasa

Hoja zilizoletwa kwa maandishi zilichanganya maswali manne. Je, barakoa inachuja? Je, mtoto ataivaa ipasavyo? Je, shule ina mamlaka ya kulazimisha? Na je, kwa mtoto huyu, usumbufu unazidi faida? La kwanza ni la maabara, la pili ni la darasani, la tatu ni la sheria, na la nne hubadilika mtoto kwa mtoto. Mzazi anayejibu la kwanza na mwenzake anayejibu la tatu wanaweza kuzozana hadi usiku bila kukutana popote. Kuanzia sasa mwenye hoja ataje anajibu swali lipi.

Tofauti nyingine ilitoka kwenye miongozo yenyewe. Agosti 2020, WHO na UNICEF walisema watoto wa miaka 5 na chini yake wasilazimishwe kuvaa barakoa. Wa miaka 6 hadi 11 wavae kulingana na kasi ya maambukizi, uwezo wao wa kuivaa, uangalizi wa mtu mzima na athari kwa masomo. Wa miaka 12 na zaidi wavae kama watu wazima. Wakati huohuo, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC) kilikuwa kikipendekeza barakoa kuanzia miaka 2. Wazazi wawili waliosoma maelekezo halali walitoka na majibu mawili, na kila mmoja akamwona mwenzake mkaidi.

Kuhusu tafiti, pande zote mbili zilileta karatasi, na karibu zote zilisomwa kupita kiasi. Utafiti wa Bangladesh ulihusisha vijiji 600 na watu wazima zaidi ya 340,000. Vijiji vilivyohamasishwa kuvaa barakoa za hospitali vilipata upungufu wa takriban asilimia 11 wa maambukizi yenye dalili yaliyothibitishwa kwa damu. Lakini hata huko waliovaa ipasavyo walipanda kutoka asilimia 13 hadi 42 tu, na hawakuwa watoto wa shule. Eneo la Boston, wilaya za shule zilizoondoa sharti la barakoa mwaka 2022 zilihesabu wagonjwa 44.9 zaidi kwa kila wanafunzi na wafanyakazi 1,000 katika wiki 15. Huo ulikuwa uchunguzi wa kulinganisha, si jaribio, kwa hiyo tofauti nyingine kati ya wilaya haziwezi kutengwa kabisa. Katalunya, Hispania, walilinganisha watoto wa miaka 5 wasiotakiwa kuvaa na wa miaka 6 waliotakiwa, na hawakuona tofauti kubwa.

Mapitio ya Januari 2023 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za afya, ndiyo yaliyotajwa mara nyingi zaidi na wapinzani wa barakoa. Machi mwaka huo mhariri mkuu wa Cochrane, Karla Soares-Weiser, alieleza kwamba kusoma mapitio hayo kuwa "barakoa hazifanyi kazi" ni kuyapotosha. Yalichunguza kama kuhimiza watu wavae kunapunguza maambukizi, na jibu halikupatikana kwa uhakika. Msimamo wa kamati ni kwamba barakoa nzuri iliyovaliwa vizuri inapunguza chembe zinazotoka na kuingia, ila sharti la shule nzima hutoa faida ndogo kuliko inavyoonekana maabara, kwa sababu za kiutendaji ninazozieleza hapa chini.

Hewa kwanza

Virusi hivi hutoka na pumzi katika chembe ndogo zinazoelea na kujaa chumbani kama moshi wa sigara. Kwa hiyo rasimu inaanza na madirisha. Hapa pia ndipo wazazi wa pande zote walipokubaliana, na kwa kweli ingekuwa busara kuanzia hapa tangu zamani.

Hewa ya nje ina kabonidayoksaidi takriban sehemu 420 katika milioni. Pumzi inayotoka mdomoni ina karibu 40,000. Kipimo cha gesi hiyo darasani kikisoma 1,200, maana yake karibu asilimia 2 ya kila pumzi ya mtoto imekwishapita kwenye mapafu ya mtu mwingine. Rasimu inalenga darasa libaki chini ya 800. Kipimo kiwekwe usawa wa kichwa cha mtoto aliyeketi, mbali na dirisha, na angalau mita 1 kutoka mdomo wa mtu yeyote. Kabla ya kukiamini, kitoeni nje: kisome karibu na 420. Kisha kisogezeeni kitakasa mikono chenye alkoholi. Usomaji ukiruka ghafla, kifaa hicho hakipimi kabonidayoksaidi bali kinaikisia kutokana na gesi nyingine, na hakifai.

Madirisha ya pande mbili zinazotazamana yafunguliwe pamoja. Dirisha la upande mmoja na mlango uliofungwa huvuta hewa kidogo tu. Wakati wa mapumziko kila kitu kifunguliwe kwa dakika 10. Kinachoharibu utaratibu huu kinajulikana: kelele za nje, mvua, baridi, vumbi, na dirisha lisilo na kizuizi linalobamizwa na upepo mpaka mwalimu anachoka na kulifunga. Vizuizi vya madirisha ni kitu kidogo, lakini bila hivyo mpango wote unakufa wiki ya pili.

Pale ambapo madirisha hayatoshi, mashine ya kusafisha hewa ichaguliwe kwa hesabu. Darasa la mita 8 kwa 7, lenye kimo cha mita 3, lina mita za ujazo 168. CDC inapendekeza hewa safi ibadilishwe mara 5 au zaidi kwa saa, yaani mita za ujazo 840. Mashine inayotoa 300 haifikishi hata mara 2, zinahitajika 3. Tena namba iliyoandikwa kwenye boksi ni ya kasi ya juu, na kasi ya juu ina kelele. Mwalimu akiishusha ili asikike, hewa safi inapungua nayo. Ni bora mashine kadhaa zikizungushwa kasi ya kati kuliko moja inayonguruma. Kumbukeni pia kwamba kichujio hakiondoi kabonidayoksaidi, kwa hiyo kipimo hakitashuka hata mashine ikifanya kazi vizuri.

Shule inayotengeneza yenyewe inaweza kutumia mtindo wa Corsi-Rosenthal: vichujio 4 vya daraja la MERV 13 (kipimo cha uwezo wa kichujio kunasa chembe ndogo) vinasimamishwa kuunda kuta za kisanduku, kadibodi inafunga chini, feni ya mraba inalazwa juu ikipuliza nje. Mishale ya vichujio yote ielekee ndani. Pembe zote zizibwe kwa utepe mpana, kwa sababu hewa hupita penye upenyo kabla ya kupita kwenye kichujio. Pembe za uso wa feni zifunikwe kwa duara la kadibodi lililo wazi katikati, la sivyo hewa inarudi ndani kupitia hapo. Feni iwe mpya na yenye kinga ya joto.

Barakoa: ipi, lini, na inakosea wapi

Barakoa ya kitambaa cha safu moja haina nafasi kwenye rasimu. Kitambaa kikitumika kiwe cha safu 3 kama WHO ilivyoelekeza Juni 2020: ndani pamba inayofyonza, katikati polipropilini isiyofumwa, nje kitambaa kisichofyonza. Barakoa ya hospitali inachuja vizuri zaidi lakini inavuja mashavuni. Kwa mtoto mwenye uso mdogo, funga fundo kwenye kila kamba karibu na ukingo wa barakoa, kisha kunja mwanya unaobaki kwa ndani. Mtoto mwenye hali ya kiafya inayomweka hatarini anahitaji daraja la juu: barakoa ya FFP2 (kiwango cha Ulaya) huchuja angalau asilimia 94 ya chembe za majaribio, N95 (kiwango cha Marekani) asilimia 95, ikiwa imekaa sawa. Miwani ikipata ukungu, hewa inapita juu ya pua na waya haujabanwa. Barakoa yenye vali haikubaliwi, kwani pumzi ya mvaaji hutoka bila kuchujwa.

Kila mtoto awe na ya akiba, kwa kuwa iliyolowa inapitisha hewa kwa shida na mtoto ataishusha kidevuni. Zilizolowa ziwekwe kwenye mfuko wa plastiki wa kurudi nazo nyumbani, za kitambaa zifuliwe kwa sabuni na kukauka kabisa.

Kosa kubwa kuliko yote ni la chakula. Watoto wanavaa barakoa asubuhi nzima, kisha wanazivua wote kwa pamoja na kula wakitazamana katika ukumbi uliofungwa kwa nusu saa, wakiongea kwa sauti ya juu. Shule isiyoweza kupanga chakula nje au kwa zamu haina sababu ya msingi ya kugombana na mzazi kuhusu barakoa ya somo la hesabu.

Hoja ya wazazi wenye watoto wenye shida ya kusikia au wanaojifunza kutamka imepokelewa kikamilifu. Barakoa hufifisha sauti nyembamba zaidi, zile zinazotofautisha *s* na *f*. Yenye dirisha la plastiki inaonyesha midomo, lakini ndiyo inayofifisha sauti kuliko nyingine, kwa hiyo mwalimu anayeitumia apewe kipaza sauti cha kubana kwenye nguo. Watoto chini ya miaka 2, na yeyote asiyeweza kuivua mwenyewe, hawavai kabisa, hata mlipuko uwe mkali kiasi gani.

Tulivyovipunguza

Kupulizia dawa madawati usiku kucha kumeondolewa. CDC ilieleza Aprili 2021 kwamba hatari ya kuambukizwa kwa kugusa sehemu iliyochafuliwa kwa kawaida ni chini ya 1 katika 10,000 kwa kila mguso. Penye haja, klorini ya asilimia 5 ichanganywe kikombe 1 kwa vikombe 49 vya maji, itengenezwe siku hiyohiyo, na isichanganywe kamwe na siki wala dawa yenye amonia. Kunawa mikono kunabaki, sekunde 20 kwa sabuni, kwani kunazuia pia magonjwa ya tumbo. Kupima joto getini hakumtambui mtoto anayeambukiza bila homa. Nguvu hiyo ielekezwe kwa mzazi kumbakisha nyumbani mtoto mwenye dalili hadi homa iwe imeondoka saa 24 bila dawa na dalili zinapungua. Kipimo cha haraka kikionyesha hana maambukizi na dalili zipo, kirudiwe baada ya saa 48.

Kuanza, kuisha na kuamua

Sharti lisilo na tarehe ya mwisho ndilo lililovunja imani ya wazazi wengi, hata wale waliounga mkono barakoa mwanzoni. Rasimu inasema sharti lolote lidumu wiki 2. Likihitajika tena, mkuu wa shule aandike sababu upya. Asipoandika, linakufa lenyewe. Linaanza kwa darasa, si kwa shule nzima: wanafunzi 3 wenye dalili zinazofanana ndani ya siku 5. Agizo la mamlaka ya afya likitoka, hilo linatangulia, na umoja huu hauna uwezo wa kulipinga kwa kura wala kulizidisha.

Msamaha wa kiafya haupigiwi kura. Barua ya daktari inakwenda kwa mkuu wa shule peke yake. Haisomwi kikaoni, haipigwi picha na kutumwa kwenye kundi la darasa. Sharti likiisha, anayetaka kuendelea kuvaa avae, na mwanafunzi asiulizwe na mwalimu wala mwenzake kwa nini amevaa au hakuvaa. Kipengele hiki kilipendekezwa na wazazi wa pande zote mbili kwa maneno yanayokaribia kufanana.

Yaliyobaki kwa mkutano ni mawili: kama barakoa za akiba zigharamiwe na umoja au kila mzazi, na kama kizingiti cha wanafunzi 3 ni kidogo mno kwa madarasa makubwa. Kamati yenyewe haikuafikiana kwenye la pili, na rasimu imeacha namba hiyo kwenye mabano. Mwenye marekebisho ayalete kwa katibu kwa maandishi, akitaja namba ya kipengele na maneno anayotaka yawekwe badala yake. Pendekezo la kufuta bila maneno mbadala litarudishwa kwa mwenyewe.